Riek na Koti Lenye Jina la Marehemu

Riek Hoogendam hakuwa mtu wa kuambiwa keti akaketi. Mama yake alilijua hilo mapema, mwalimu wake akalijua baada ya wiki moja, na kijiji kizima cha Oosterbeek kikalijua ule mwaka watoto waliporudi shule baada ya vita, wakiwa wamevaa chochote kilichoweza kupitishwa sindano: mapazia, mablanketi, magunia ya sukari. Riek alikuwa na miaka minane. Yeye alivaa koti la askari wa miavuli.

Koti lenyewe halikuwa lake. Septemba ya mwaka uliotangulia Waingereza walishuka kutoka angani, wakajaa kwenye bustani za watu, wakapigana siku tisa, wakashindwa. Waliosalia walivuka mto, na Wajerumani wakawafukuza wenyeji wote makwao. Familia ya Riek iliporudi kiangazi kilichofuata iliikuta nyumba haina paa. Chini, katika chumba cha akiba, juu ya rafu ya mitungi ya kabichi, lilikuwepo koti la majeruhi mmoja ambaye mama alimfunga jeraha kwa shuka la harusi yake kabla askari huyo hajachukuliwa mateka. Mama alilichemsha mara tatu kutoa damu, akalitandaza mezani, akatia mkasi. Kitambaa kilikuwa kigumu kama turubai. Rangi zake, kijani na kahawia juu ya rangi ya mchanga, zilikuwa zimepakwa kwa brashi kubwa, kama mtu anayepaka ukuta huku anaitwa kula.

"Chura!" watoto walimpigia kelele uwanjani. "Chura kaja shule!"

Riek alichuchumaa, akatumbua macho, akalia "kwaa!" na kumrukia mkubwa wao kifuani. Wote wawili wakaishia kwenye tope. Mwalimu alimwamuru avue koti hilo mara moja.

"Nikilivua nabaki na ngozi, mwalimu," Riek alijibu. "Nivue?"

Hakuna aliyemwita chura tena, angalau si mbele yake. Koti lilivaliwa na binamu zake wawili baada yake, likaishia kuwa tandiko la mbuzi, na hakuna aliyelililia. Enzi hizo nani angejua kwamba siku moja watu wazima na akili zao watagombania makoti yale kama watu wanaogombea shamba la urithi?

Ushonaji aliupata kwa mama yake. Alipofika miaka kumi na sita aliajiriwa kwenye karakana ya nguo za kazi mjini Arnhem, akakaa miaka saba, mpaka siku msimamizi alipomtaka ashone mifuko kwa mshono mmoja badala ya miwili ili kuokoa uzi. Riek aliinuka, akavaa koti lake, akapanda baiskeli. Hakuaga. Akaolewa na Gijs, mtunza bustani wa manispaa, mtu mpole mwenye mikono mikubwa, wakafungua chumba cha mbele cha nyumba yao kuwa duka. Alipunguza suruali, akapanua magauni ya wajawazito, akashona mapazia na majoho ya kwaya. Watu wa pale walimwita Tante, yaani shangazi, hata wale waliomzidi umri.

Kisha, mwaka wa sabini na nne, mwalimu mmoja wa hesabu aliingia na kifurushi cha magazeti. Ndani mlikuwa na koti la mabaka, mfuko wa kifua umening'inia. Riek alilijua kabla halijafunguliwa lote. Aliijua zipu iliyoishia kifuani, maana koti lile huvaliwa kwa kupitishwa kichwani. Aliujua ule mkia wa nyuma unaopitishwa katikati ya miguu na kubanwa mbele kwa vifungo, ili upepo usilipandishe koti mtu anaporuka. Na yale mapindo ya sufu mikononi aliyajua vilevile, yaliyofumwa yabane kifundo cha mkono.

"Umelitoa wapi?" aliuliza.

"Nimelinunua. Nakusanya," mwalimu alisema, akaona haya kidogo.

"Unakusanya nini?"

"Haya."

Riek alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyesema anakusanya mvua. Lakini alilishona vizuri, na mwalimu akawaambia wenzake, na wenzake wakawaambia wenzao. Ndani ya miaka michache walikuwa wanakuja kutoka Ubelgiji na Uingereza, wanaume wenye vitambi wanaonusa kola kama mbwa wa polisi, wanaosoma lebo kwa kioo cha kukuzia, wanaohesabu vifungo vya mkia na kubishana mpaka mishipa inawatoka. Riek aliwacheka, lakini hakuwadharau. Aliona jinsi walivyolishika koti lililotobolewa na risasi: walishusha sauti.

Sharti lake lilikuwa moja. Alichokishona, alisema amekishona. Kiraka cha Riek kilionekana kuwa kiraka. Aliyetaka kisionekane alirudishiwa nguo yake.

Ruud Terlingen alikuja mwezi wa tatu mwaka tisini na sita. Alikuwa mfanyabiashara wa vitu vya vita, mrefu, mwenye skafu ya hariri na sauti ya mtangazaji wa redio, mtu aliyekuwa na meza kubwa kuliko zote katika kila gulio la wakusanyaji.

"Tante, nimekuletea mgonjwa," alisema, akalilaza koti mezani.

Riek alilipindua. "Mgonjwa wako ameliwa na nondo mikono yote miwili."

"Ndiyo maana nimekuja kwako na si kwa mwingine. Nataka mapindo mapya ya sufu, hiyo ya kizamani. Na hapa kwapani pamefumuka. Ukimaliza, lichovye kidogo kwenye chai, rangi zifanane."

"Chai naitumia kunywa."

"Kahawa basi," alisema Terlingen, akacheka.

"Ruud, kazi yangu ni kushona. Kuizeesha sufu isiyo na uzee, hiyo si kazi yangu. Atakayenunua, utamwambia mapindo ni ya mwaka huu?"

"Kwani unanionaje mimi?"

"Bado nakuangalia."

Alikubali kulishona baada ya Terlingen kuapa mbele ya Gijs kwamba atamwambia mnunuzi. Mapindo aliyafuma mwezi wa nne, jikoni, Gijs akisikiliza mpira redioni na kuguna kila timu yake ilipofungwa. Alilipiga pasi koti zima, kola ndani na nje, akalikunja, likaenda zake.

Septemba ilipofika, na wazee wa Kiingereza wenye bereti nyekundu wakawa wamejaa tena vijiweni na makaburini, kulikuwa na gulio katika ukumbi wa michezo wa manispaa. Riek alikwenda kutafuta vifungo vya zamani. Gijs alimfuata kwa sababu pale huuzwa samaki wabichi wa chumvi wenye vitunguu.

Meza ya Terlingen ilikuwa katikati, chini ya taa. Juu ya sanamu la kuvalishia nguo lilikuwepo lile koti. Riek aliyatambua mapindo kabla ya kitu kingine, kama mama anavyotambua mgongo wa mtoto wake kwenye umati. Tofauti ni kwamba sasa yalikuwa na rangi ya kahawia, ya kuchovywa. Mbele yake kadi ilisema: Limepatikana darini, nyumba ya shamba, halijaguswa na mkono wa mtu tangu Septemba 1944. Na kola ilikuwa imepinduliwa watu waone jina lililoandikwa kwa wino uliofifia: Garbutt C., na namba ya jeshi.

Mwezi wa nne kola ile ilikuwa tupu kama kiganja.

Aliyekuwa amesimama mbele ya koti alikuwa mwanamke wa Kiingereza wa miaka sitini na kitu, mfupi, mwenye koti la mvua la bluu. Alikuwa ameshika mkono wa koti kwa mikono yake miwili, na ameliweka lile pindo la sufu shavuni. Hakulia. Alikuwa amefumba macho tu. Terlingen alisimama kando yake, kichwa ameinamisha, kama mchungaji kwenye mazishi.

"Huyo ni dada wa marehemu," muuza vyeo, yaani beji za vyeo vya kijeshi, wa meza ya pili alimnong'oneza Riek. "Ndugu yake hakuonekana tena, kaburi hana. Ruud ndiye aliyemtafuta mpaka akampata, akamwandikia barua Uingereza. Koti lenye jina lina bei."

Gijs alikuwa amefika na samaki wake. Alimwona mkewe anavyopumua, akamshika kiwiko.

"Riek. Usifanye."

"Ile sufu ni yangu, Gijs. Nimeifuma wewe ukilia na mpira wako."

"Najua. Lakini mwangalie yule mama. Ameshapata cha kumtuliza. Utamnyang'anya? Mke wangu, dunia huwezi kuinyoosha yote kwa pasi."

"Yote sitaki. Nataka hapo tu," alisema Riek, akauchomoa mkono wake.

Alipita katikati ya watu akaenda kusimama mbele ya Terlingen. Kiingereza chake alijifunza kwa wazee wa bereti waliolala nyumbani kwake kila mwaka, na kilikuwa na matusi mengi kuliko inavyofaa. Siku ile alichagua maneno safi.

"Mama, samahani," alimwambia yule mwanamke. "Mapindo hayo unayoyashika nimeyafuma mimi, mwaka huu, mwezi wa nne. Na kola nimeipiga pasi mimi. Haikuwa na jina."

Mwanamke alifumbua macho. Watu wakaanza kugeuka, meza baada ya meza.

"Tante Riek," alisema Terlingen kwa upole mkubwa, akiwageukia watu. "Jamani, huyu ni fundi wetu tunayempenda sana. Anapitisha makoti mengi, na macho nayo yanachoka. Amechanganya."

"Macho yangu yanapitisha uzi kwenye tundu la sindano bila miwani. Yako je?"

"Mama, nenda kakae, unywe kahawa."

"Lete ile tochi yako."

Kila mfanyabiashara wa kweli pale alikuwa na tochi ya mwanga wa zambarau, kama ile ya benki ya kukagulia noti. Uzi wa zamani ukimulikwa nayo hubaki mweusi. Uzi wa siku hizi huwaka mweupe. Terlingen alisema yake imekwisha betri. Yule muuza vyeo, bila kumtazama mtu usoni, alinyoosha mkono na kutoa ya kwake.

Riek alimulika. Kuzunguka kila pindo, na chini ya kwapa, mshono uliwaka kama meno ya mtu anayecheka gizani.

"Haya, pamekarabatiwa kidogo," alisema Terlingen, na sasa sauti ya redio ilikuwa imepungua. "Nani amekataa? Koti ni la kweli. Jina ni la kweli."

"Kadi yako inasema halijaguswa."

"Kadi ni kadi tu."

Basi Riek aliingiza mkono kwenye mfuko wa aproni, ambayo alikuwa nayo chini ya koti kama siku zote, akatoa kisu kidogo cha kufumulia nyuzi.

"Nilikushonea kwa sharti, na sharti umelivunja. Chukua koti lako. Mimi nachukua changu."

Akafumua. Terlingen alipiga kelele, akamshika bega, Gijs akaweka sahani ya samaki chini na kusimama katikati yao na ule mwili wake wote. Pindo la kwanza lilitoka. Riek hakuharakisha. Alifumua mshono mmoja mmoja, kitambaa cha zamani kisipate hata mkwaruzo, kama vile yuko dukani kwake na mteja ameketi anasubiri. Pindo la pili likatoka. Akayakunja, akayatia mfukoni.

"Polisi!" Terlingen alisema. "Iteni polisi! Huu ni uharibifu wa mali!"

Polisi aliyekuja alikuwa mtoto wa jirani yake Riek, na hakukuwa na suruali aliyowahi kuvaa ambayo haikupunguzwa na Riek. Alivua kofia, akajikuna.

"Tante, ni kweli umeharibu koti la bwana huyu?"

"Nimechukua sufu yangu."

"Basi mwombe radhi, yaishe, turudi makwetu."

"Sitaki."

"Tante, neno moja tu."

"Hata herufi moja sikupi. Nipeleke unakonipeleka."

Wakaenda kituoni, Riek kiti cha nyuma amekaa wima kama malkia, Gijs nyuma kwa baiskeli. Alikaa kwenye benchi la kituo saa mbili nzima, mapindo mawili mapajani. Mkubwa wa kituo mwenyewe alimletea kahawa na kumsihi. Alimwambia kesi za namna hii huchafua jina la mtu. Riek alisema jina lake amelifua na kulianika mwenyewe miaka hamsini na tisa, halichafuki kwa benchi.

Ndipo Terlingen alipoingizwa kuandikisha madai yake, na yule polisi kijana, aliyekuwa na akili kuliko alivyoonekana, akachukua kalamu.

"Sasa, bwana. Kitu kilichoharibiwa: mapindo mawili ya sufu. Ya mwaka gani?"

Terlingen aliitazama kalamu.

"Nauliza kwa sababu ya hasara. Nikiandika ya mwaka arobaini na nne, hasara ni kubwa, na itabidi yaende maabara wayapime. Nikiandika ya mwezi wa nne mwaka huu, hasara ni ndogo. Lakini hapo utasaini kwamba ulijua ni ya mwezi wa nne mwaka huu. Niandike lipi?"

Terlingen alisimama, akatengeneza skafu yake, akasema yeye si mtu wa kupeleka vibibi vizee mahakamani. Akaondoka bila madai.

Riek alitoka nje akiwa na ushindi wake, na ushindi ukamfia mlangoni. Yule mwanamke wa Kiingereza alikuwa ameketi kwenye ukuta mfupi wa kituo, mkoba magotini, anamsubiri. Macho yalikuwa makavu na makali.

"Nani alikuomba?" alisema.

Riek alisimama.

"Nakuuliza. Nani alikuomba? Miaka hamsini na mbili hakuna mtu aliyelitamka jina la Cyril mbele yangu isipokuwa mimi mwenyewe. Nyumba yetu ilipigwa bomu, sina hata kitufe chake. Yule bwana aliniandikia barua. Alisema jina lake. Na wewe ukaja na tochi."

"Alikudanganya, mama."

"Unadhani sikujua? Cyril alikuwa mfupi kuliko mimi! Alipokubaliwa jeshini baba alicheka mpaka akakohoa. Koti lile lingemfika magotini. Nilijua nilipoliona tu."

Riek aliketi kwenye ukuta, si karibu sana.

"Kama ulijua, ulikuwa unashika nini?"

"Kitu," alisema mwanamke. "Nilikuwa nashika kitu. Wewe una haki gani ya kunichagulia?"

"Sina." Riek aliyatoa mapindo mfukoni, akayatazama. "Lakini ile ilikuwa kazi ya mikono yangu. Siku nitakapokuacha uweke shavu juu ya mikono yangu ukimwita ndugu yako, na mimi nimesimama pale nimenyamaza, siku hiyo nifunge duka. Kasirika. Una sababu. Ila radhi sikuombi. Hata wale wa ndani sikuwaomba."

Mwanamke alimtazama. "Wewe ni mtu mgumu sana."

"Ndivyo wanavyosema."

"Mimi pia huwa naambiwa." Akafunga mkoba wake. "Naitwa Enid."

"Enid, nyumbani kuna supu ya maharage. Gijs ameacha samaki wake sakafuni kwa ajili yetu, lazima apewe chakula. Njoo uniambie Cyril alikuwa mtu wa namna gani. Nami nitalitamka jina lake. Sitahitaji koti."

Enid alikwenda. Alikula sahani mbili, akawaambia kwamba Cyril alikuwa na miaka ishirini, alifuga njiwa, aliogopa maji, aliimba kanisani kwa sauti mbaya iliyomfanya padri afumbe macho. Gijs alicheka mpaka akajifuta uso kwa kitambaa cha meza. Cyril Garbutt alikaa nao mezani mchana ule, mfupi na mwenye sauti mbaya, na hakuna aliyemwonea huruma.

Malipo ya ukaidi hayakuchelewa. Chama cha wakusanyaji kilifuta jina la Riek kwenye orodha ya mafundi wake, kwa barua ya mistari mitatu. Makoti yaliyokuwa yanasubiri yalichukuliwa na wenyewe, wengine hawakuthubutu hata kuja, wakatuma wake zao. Asubuhi moja alikuta dirisha la duka limeandikwa kwa rangi nyekundu: MWONGO. Gijs alichukua ndoo na sabuni.

"Liache," alisema Riek.

"Riek, ni dirisha la mbele!"

"Nimesema liache."

Akachukua brashi yake mwenyewe, na chini ya lile neno, kwa herufi nzuri za kike, akaandika: Yupo kuanzia saa tatu mpaka saa kumi na moja, isipokuwa Jumatatu. Lilikaa hivyo mwaka mzima. Watu walisimama kulipiga picha. Alirudia mapazia na majoho ya kwaya, na walipomuuliza kama hajutii, alisema pazia halina jina la mtu kwenye kola, ni raha.

Terlingen hakuanguka. Wapo watu wa namna hiyo. Aliendelea kuuza katika miji ya mbali, meza ikiwa kubwa vilevile. Lakini wanunuzi wa eneo lile walianza kuuliza swali ambalo hawakuwa wakiuliza: nani ameshona hapa, na lini?

Septemba iliyofuata gulio lilirudi, na mlangoni kulikuwa na barua iliyosema Bibi Hoogendam haruhusiwi kuingia. Riek aliisoma yote, mpaka sahihi. Enid alikuwa ameshikana naye mkono, maana alikuwa amevuka bahari kwa ajili ya wiki ile na alilala kwa Riek, wakigombana kila asubuhi juu ya chai: Enid aliitaka na maziwa, Riek alisema hayo ni makosa.

"Tufanyeje?" aliuliza Enid.

"Gijs, shusha viti."

Gijs alikuwa na viti viwili vya kukunja nyuma ya baiskeli. Aliviweka kwenye njia ya umma, hatua tatu kutoka mlangoni, na wanawake wale wawili wakaketi. Riek alitoa tochi ya zambarau, ya kwake sasa, na kitambaa cheusi cha kujifunika ili mwanga wa mchana usiingilie. Enid akashika kipande cha boksi alichokiandika mwenyewe: Ukaguzi wa koti, bure, leo tu.

Mwandaaji wa gulio alitoka mbio. "Mama, huwezi kukaa hapa."

"Hapa ni pa nani?"

"Pa manispaa, lakini..."

"Mume wangu ameifanyia kazi manispaa miaka thelathini na mbili. Ule mti ameupanda yeye. Tutakaa chini yake."

"Mvua itanyesha."

"Inyeshe."

Ikanyesha. Enid alifungua mwavuli mkubwa, wakabanana chini yake, na Gijs akawaletea mikate ya jibini. Kwa saa nzima hakuja mtu. Waliotoka walipita haraka na mifuko yao, wakitazama viatu. Kisha mlango ukafunguka na akatoka yule mwalimu wa hesabu wa zamani, mzee sasa, ameshika koti kifuani ndani ya plastiki. Alisimama mvuani, akaangalia nyuma, akaangalia mbele.

"Nimelinunua sasa hivi," alisema. "Naogopa kujua."

"Ukiogopa, nenda nalo nyumbani ukalipende," alisema Riek. "Ukitaka kujua, leta."

Alileta. Riek alijifunika kitambaa cheusi pamoja na koti, akaonekana kama mpiga picha wa zamani. Alikaa humo muda mrefu. Nyuma ya mwalimu walikuwa wamesimama wengine wawili, kisha wanne, kila mmoja na mfuko wake, kola zimeinuliwa kwa ajili ya mvua. Mwandaaji alikuwa bado mlangoni, mikono kiunoni, hajui amfukuze nani kwanza.

Riek aliibuka, nywele zimesimama.

"Mkia umebadilishwa vifungo, viwili, zamani sana, na askari mwenyewe nadhani, maana kashona vibaya," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka ndani ya ukumbi. "Kilichobaki chote ni cha kweli. Jina hakuna, na usikubali mtu akuandikie. Usilifue. Haya, anayefuata!"